Muda wa fotoni pacha pimeni kwa urefu

Kila likizo nikirudi Wete, vijana wanaokwenda kuanza kazi ya fotoni zilizofungamana, yaani chembe pacha za mwanga, huniuliza barazani: saa ya kasi gani inahitajika kupima tofauti ya muda wa pacha hao kufika? Mimi mwenyewe nilianza na swali hilohilo, likanipotezea miezi.

Leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 405 hupita kwenye fuwele, na mara chache sana fotoni yake moja huzaa pacha wawili wa nanomita 810. Wafikirieni vijana wawili waliopanda daladala mbili Darajani kwa wakati mmoja: wewe uliyeko Tunguu hujui wametoka saa ngapi, ila unajua hawatapishana sana kufika. Mfano unaishia hapo, kwani pacha hawa hata nishati zao zimefungwa. Ya kila mmoja haijulikani, lakini jumla yake ni ile ya fotoni mama.

Wiki ya kwanza pimeni waya za vitambuzi, vile vifaa vinavyohesabu fotoni. Ishara hutembea humo kama sentimita 20 kwa nanosekunde, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Nilitafuta jozi zangu siku tatu bila kuziona, kumbe waya wa upande mmoja ulizidi mita 4. Kisha hesabuni jozi za bahati, zile za fotoni zisizo pacha zilizofika pamoja kwa kubahatisha tu: kila kitambuzi kikipokea fotoni 100,000 kwa sekunde, dirisha la nanosekunde 1, yaani muda ambao ndani yake fotoni mbili huhesabiwa kuwa jozi, hukupeni jozi 10 za uongo kila sekunde. Zitoeni kabla hamjafurahi.

Chini ya pikosekunde, yaani sehemu ya elfu ya nanosekunde, vitambuzi vya kawaida havifai kitu, vinayumba mno. Wanafizikia Hong, Ou na Mandel mwaka 1987 walilimaliza hili kwa namna ninayoipenda hadi leo. Waliwakutanisha pacha kwenye kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu. Wakifika pamoja kabisa, wote hutokea upande mmoja, na hesabu ya jozi zinazogawana pande mbili inashuka. Unasogeza kioo tu, maana femtosekunde 1, sehemu ya elfu ya pikosekunde, ni mikromita 0.3 za safari ya mwanga.

Lakini mshuko huo peke yake hauthibitishi kufungamana. Lazima mpime muda na rangi (ndiyo nishati), vyote viwili. Kwa muda, kila fotoni hukutanishwa na pigo fupi la leza ndani ya fuwele nyingine. Inayofika pamoja na pigo ndiyo hubadilika rangi, na hiyo ndiyo mnayoihesabu.

Na joto mlichunge. Mita moja ya aluminiamu ikipanda nyuzi 1 hurefuka mikromita 23. Kwenye njia ya pacha mmoja hizo ni femtosekunde 77. Mkishaanza kupima, mlango usifunguliwe.