Kofia ya vita ya bamba moja

Umeuliza kama kofia ya vita yenye utosi uliochongoka, waliyovaa wapiganaji wa Ulaya katika karne ya 14, iliungwa kwa vipande. Kwa kawaida haikuungwa: sehemu inayofunika kichwa ilifuliwa kutoka bamba moja la feleji, tofauti na zile kofia nzito za karne ya 13 zilizofanana na ndoo, ambazo mabamba yake yalishikanishwa kwa ribiti, yaani pini fupi za chuma zilizopondwa ncha ili zisichomoke.

Mhunzi aliweza kuanza kwa kulibonyeza bamba lenye moto ndani ya shimo lililochongwa kwenye gogo, kisha akalipindua juu ya fuawe ndogo yenye kichwa cha mviringo na kuligonga kwa nje, mzunguko baada ya mzunguko, ili ukingo ujikusanye kuelekea ndani. Hapa ndipo ustadi hupimwa, kwa maana kikunjo kisiposawazishwa mapema hugeuka kuwa ufa, na feleji iliyopoteza wekundu wake haikubali tena kusukumwa kwa nguvu, hivyo kazi hurudishwa motoni mara nyingi mno. Fundi hodari alihifadhi unene zaidi utosini na kwenye paji, mapigo yanakotua, akapunguza kisogoni ili kuokoa uzito.

Baadaye uso ulilainishwa kwa nyundo nyepesi, ukasuguliwa, na bitana yenye pamba au sufi ikafungwa ndani. Katika miji kama Milano ya Italia na Augsburg ya Ujerumani kazi hizo ziligawanywa kati ya mafundi tofauti, na msuguaji mara nyingi hakuwa mhunzi kamwe.