Rafiki wa utotoni amerudi, lakini mlango ukibamizwa bado natetemeka

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, ni mama wa binti mmoja, naishi Pasua, Moshi. Nilikua na kijana wa nyumba ya jirani, tukienda shule na kurudi pamoja, hadi tulipofika darasa la sita. Mama yake alifariki, naye akachukuliwa na mjomba wake kwenda Mwanza. Baba yake alikuwa akiwapiga, na mtaa mzima ulijua. Desemba iliyopita, watu walipokuja nyumbani kwa Krismasi, tulikutana msibani Kibosho baada ya miaka 24. Mimi niliolewa kanisani, nikapigwa miaka sita. Mara mbili niliondoka, mara mbili ukoo wa mume ukaja na majani ya masale kuomba msamaha, nikarudi. Miaka mitatu iliyopita niliondoka moja kwa moja. Sasa rafiki yangu anataka tuoane baada ya Pasaka. Nampenda, lakini mlango ukibamizwa natetemeka. Yeye akikasirika hunyamaza siku mbili, simu hapokei, kisha huja na maneno laini ya kuomba radhi, nami naogopa zaidi. Mama anasema damu ya baba yake imo ndani yake. Je, huu ni upendo au tunahurumiana tu?

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwenye masale.

Wasomaji wasiotoka Uchagani wajue kwamba jani la isale likiletwa kuomba msamaha, aliyeletewa hupata taabu sana kukataa, kwa sababu kulikataa ni kuonekana umewakataa wazee wote waliolibeba. Ni desturi nzuri, imezima ugomvi mwingi wa mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Kwako ilitumika vibaya: ilikurudisha kwenye kipigo, ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatamka wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila inasema vinginevyo. Ndiyo maana msamaha wa rafiki yako unakutisha kuliko hata ukimya wake. Mwili wako umejifunza kwamba baada ya maneno laini hurudi fimbo, na mwili uliojifunza hivyo hausubiri akili ichunguze ni nani aliyebamiza mlango, bali hutetemeka kwanza.

Naye ana somo lake. Mtoto anayepigwa hujifunza mapema kwamba njia salama ni kutoweka: kujificha nyuma ya banda la ng'ombe, kunyamaza mpaka mkubwa apoe. Inawezekana kabisa kwamba zile siku mbili anajificha hasira yake mwenyewe, kwa hofu ya kufanana na baba yake. Nasema inawezekana, kwa maana sijamsikia, na wewe pia bado hujamsikia. Kwa hiyo hoja ya mama yako siikubali kama alivyoisema. Ukatili haurithiwi kama rangi ya macho, na wengi waliopigwa utotoni hawakuja kuinua mkono juu ya mtu. Hata hivyo usimkaripie mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyekupokea ukiwa na mtoto mkononi, na hofu yake ina sababu.

Umeuliza kama ni upendo au huruma. Mimi swali hilo halinisumbui sana, kwa sababu watu wawili waliochumiana mapera wakiwa na miaka kumi hawawezi kupendana bila kuoneana huruma. Linalonisumbua ni kwamba unamjua mtoto wa miaka 12, na mtu anayetaka kukuoa ana miaka 36. Miaka 24 ya katikati huijui. Aliishije kwa mjomba? Amewahi kuishi na mwanamke, na waliachanaje? Akikosa fedha, au akipingwa mbele ya watu, huwa anafanyaje? Majibu ya maswali haya hayapatikani kati ya Krismasi na Pasaka, hasa kwa watu ambao wakikutana huishia kusimuliana ya shuleni.

Mwambie habari ya masale. Mwambie mchana, mahali penye watu kiasi, siku ambayo hamjagombana, na usimweleze kila kipigo kana kwamba unatoa ushahidi. Kisha mwombe jambo moja dogo: akitaka kunyamaza, aseme kwanza, "Nimekasirika, nitakupigia kesho jioni," na kesho jioni apige. Mwanamume anayekupenda anaweza kulijaribu hilo, akikosea wiki hii akarekebisha wiki ijayo. Akikucheka, au akisema unamfananisha na mume wako ili kumdhalilisha, utakuwa umepata jibu bila kufunga ndoa.

Kutetemeka kwenu na kunyamaza kwenu msiviache vitibiwe na mapenzi peke yake. Hospitali ya KCMC iko hapo hapo mjini kwenu. Nenda uulizie huduma ya ushauri wa afya ya akili, naye aende kivyake, kwa sababu kuna mambo atakayoweza kuyasema wewe usipokuwepo. Binti yako naye asiambiwe kwamba huyu ni baba mpya. Amwite mjomba kwa sasa, inatosha.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. Umesema uliondoka, hukusema ulipewa talaka. Kama ndoa yako haijavunjwa na mahakama, basi kisheria wewe bado ni mke wa mtu, hata ingepita miaka kumi, na mwanamke mwenye ndoa hawezi kufunga nyingine. Anza na Baraza la Usuluhishi la Ndoa katika kata yako, ueleze vipigo vyote bila kuona haya. Likishindwa kuwapatanisha litakupa hati, nayo utaipeleka mahakamani kuomba talaka. Hata Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka hayo. Baada ya hapo, ndoa mpya nayo inahitaji taarifa ya siku 21 kabla ya kufungwa. Ukihesabu vizuri utaona kwamba Pasaka hii haiwezekani hata mngetaka, na rafiki yako umwambie hivyo wiki hii, kabla hajaanza kutafuta wazee wa kuleta posa.