Ukitaka Kuitafiti China, Chagua Mtaa Mmoja

Msimu wa maombi ya ufadhili wa masomo nchini China unapokaribia, wanafunzi wa utamaduni, uanahabari na utalii huniletea rasimu za mapendekezo yao ya utafiti, na nyingi kati yake zina kasoro ileile: mada inaitaja China nzima kana kwamba ni kijiji. Mtu anaandika kwamba atachunguza mchango wa sanaa za Kichina katika utalii, bila kusema ni sanaa ipi, ya wilaya gani, inayochezwa kwa lugha ipi na mbele ya nani. Mkoa wa Fujian peke yake, ambako nilifanyia utafiti wangu, una wenyeji wa Fuzhou, wa Putian, wa Minnan upande wa kusini, na Wahakka katika milima ya magharibi, na lugha zao hazielewani hata kidogo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao ndio unaobeba mingine yote, ni kuchagua mji mmoja, ikiwezekana mtaa mmoja, na ndani ya mtaa huo kuchagua jambo ambalo watu wake wangelifanya hata kama hakuna mgeni anayewatazama.

Mimi nilikaa Quanzhou, mji wa bandari ulioko kusini mwa mkoa huo. Wasomaji wa pwani yetu huenda wanaufahamu kwa jina lake la zamani la Zaitun, kwani msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliueleza baadaye kuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa duniani. Mwezi Julai 2021 UNESCO iliyatangaza maeneo 22 ya mji huo na viunga vyake kuwa urithi wa dunia, yakiwemo Msikiti wa Qingjing, ambao asili yake ni mwaka 1009, hekalu la Kaiyuan na minara yake miwili ya mawe, na daraja la Luoyang lililojengwa kati ya 1053 na 1059, ambalo wajenzi wake waliotesha chaza kwenye misingi ya nguzo ili makombe yao yayashikanishe mawe. Orodha kama hiyo humsaidia mtafiti, lakini pia humwekea mipaka, kwa sababu imekwisha kumwamulia kipi ni muhimu. Orodha ya Quanzhou inahusu biashara ya baharini ya enzi za wafalme wa Song na Yuan, kati ya karne ya 10 na ya 14. Muziki, opera, maandamano ya mahekalu na mitindo ya nywele haimo humo, ingawa hayo ndiyo yanayompa mkazi wa kawaida sababu ya kujiita mtu wa Quanzhou.

Ukishachagua jambo lako, swali la kuliuliza kila siku ni moja: hili linafanywa kwa ajili ya nani? Chukua nanyin, muziki wa taratibu unaoimbwa kwa lahaja ya Quanzhou na kupigwa kwa pipa, ala ya nyuzi ya Kichina inayolazwa mapajani, filimbi ya wima iitwayo dongxiao, ala nyingine za nyuzi ziitwazo sanxian na erxian, na vibao vya mbao. Uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, yaani sanaa, mila na ujuzi, mwaka 2009. Katikati ya mji utausikia jukwaani, vipande vifupi, wasanii wakiwa wamevaa sare na mtangazaji akieleza kila kipande kwa Kichina sanifu. Lakini ziko pia klabu za wazee ambako waimbaji hupokezana huku chai ikimiminwa, na kipande kimoja kinaweza kuchukua muda mrefu kiasi kwamba mgeni asiyezoea huanza kuangalia simu yake. Watafiti wengi hukimbilia klabu na kulidharau jukwaa kwa kuliona la kibiashara, nami siafikiani nao. Jukwaa ni ushahidi: vipande vinavyochaguliwa kupelekwa huko, na vile vinavyoachwa klabuni, vinakuonyesha kile ambacho mji umeamua kumwonyesha mgeni.

Ni lazima pia uielewe mashine ya kiserikali iliyo nyuma ya sanaa hizi, maana bila hiyo utayasikia majibu ya wahojiwa wako vibaya. Orodha ya kwanza ya kitaifa ya urithi usioshikika ilitolewa mwaka 2006 ikiwa na vipengele 518, sheria ikafuata mwaka 2011, na sasa kuna orodha za ngazi nne: taifa, mkoa, mji na wilaya. Wasanii nao hutambuliwa rasmi kwa ngazi hizohizo, na tangu mwaka 2016 msanii wa ngazi ya taifa hupewa ruzuku ya yuan 20,000 kwa mwaka ili aendelee kufundisha. Msanii mwenye cheo hicho amekwisha kuhojiwa na waandishi wa habari, wanafunzi na maofisa mara nyingi, na maelezo yake yamepigwa msasa. Anajua utauliza nini kabla hujafungua daftari. Mheshimu, mhoji, kisha uende kwa yule anayeketi nyuma yake, mwenye ujuzi lakini asiye na cheti. Huyo wa pili ndiye aliyenieleza jinsi klabu zinavyoshindana kupata wanafunzi, jambo ambalo hakuna mwenye cheo aliyelitamka mbele ya kinasa sauti changu.

Mfano uliokuwa na mengi zaidi ya kunifundisha ni Xunpu, kitongoji cha wavuvi karibu na mdomo wa mto Jin. Wanawake wa hapo husokota nywele kisogoni, huchomeka kijiti, halafu huzungushia pete za maua mabichi, na desturi zao ziliingizwa kwenye orodha ya taifa mwaka 2008. Kwa miaka mingi habari hiyo iliwahusu wenyeji, wapiga picha na wataalamu wa mila. Mwanzoni mwa mwaka 2023 picha za mwigizaji Zhao Liying akiwa amevikwa maua ya Xunpu zilisambaa mitandaoni, na katika kipindi kifupi vichochoro vya kitongoji vikajaa studio za picha, maduka ya kukodisha mavazi na safu za wasusi. Wanawake waliokuwa wakimenya chaza mbele ya milango yao wakajikuta wana kazi nyingine, na wengine wakapangisha vyumba vya chini vya nyumba zao kwa wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine kabisa.

Hapa ndipo watafiti wageni hupotea, kwa kuanzisha mjadala wa kama maua hayo bado ni ya kweli au yamekuwa maigizo. Mjadala huo hauna mwisho na mara nyingi humalizika kwa mtafiti kuhukumu watu ambao hawakumwomba hukumu. Ni afadhali kuuliza mambo yanayoweza kujibiwa. Studio hii ni ya nani, na pango analipwa nani? Msusi analipwa kwa kichwa au kwa siku? Kwa nini mavazi mengi yanayokodishwa ni magauni ya kifahari yanayokumbusha tamthilia za kale, ilhali bibi mwenyeji huvaa blauzi ya kukatiza upande na suruali pana ya kazini? Kwenye studio utakuta maandishi yanayoahidi kwamba anayevaa maua katika maisha haya atakuwa mrembo katika maisha yajayo. Bibi mmoja nilipomuuliza juu ya maneno hayo alicheka, akasema yeye huvaa maua kwa sababu mama yake alivaa, na kwamba bila maua anajiona kama hajamaliza kuvaa. Majibu yote mawili, la studio na la bibi, yanastahili kuingia kwenye tasnifu, kila moja likiwa na jina la aliyelitoa na mazingira yake.

Kwa upande wa vyombo vya habari, anza kukusanya kabla hujapanda ndege, na ukusanye kwa nidhamu. Mitandao ya kijamii ya Douyin na Xiaohongshu ndiko watalii wengi vijana huamua waende wapi, kwa hiyo historia ya Xunpu baada ya 2023 imeandikwa humo zaidi kuliko magazetini. Kila unachokiona kihifadhi siku hiyohiyo kwa picha ya skrini, pamoja na tarehe, jina la akaunti na maneno ya chini ya video, kwa sababu machapisho hufutwa bila taarifa. Zitenganishe akaunti za watu binafsi, za wenye biashara na za serikali, maana tangu mwaka 2018 wilaya zimekuwa zikiunganisha redio, televisheni, gazeti na kurasa za mitandaoni katika kituo kimoja cha habari, na video inayoonekana kuwa ya shabiki wa kawaida inaweza kuwa imetoka huko. Mwaka huohuo wizara ya utamaduni iliunganishwa na mamlaka ya utalii, na mabadiliko hayo yakashuka hadi ngazi za chini. Ofisi inayolinda desturi, basi, ndiyo pia inayodaiwa kuleta wageni. Simlaumu mtu kwa hilo, lakini ukisoma ripoti yoyote ya ofisi hizo ni vyema ukumbuke kwamba imeandikwa na mwenye kazi mbili.

Takwimu za utalii zinahitaji tahadhari ya pekee. Hesabu za China hutolewa kwa idadi ya safari, si idadi ya watu, na mgeni aliyeingia katika vivutio kadhaa au aliyerudi tena huhesabiwa tena. Niliwahi kusoma insha ya mwanafunzi aliyegawanya mapato ya mji kwa idadi hiyo na kupata "matumizi ya kila mtalii", kisha akajenga sura nzima juu ya jibu hilo.

Lugha haikwepeki. Bila Kichina cha kusoma utabaki na machapisho ya Kiingereza, ambayo juu ya Quanzhou yanahusu zaidi historia ya bandari na kidogo sana yanahusu maisha ya leo. Bila kujua angalau salamu na majina ya vyakula kwa Kiminnan, lugha ya wenyeji wa huko, wazee watakujibu kwa Kichina sanifu cha heshima na kifupi, kisha watageukiana na kuendelea na mazungumzo yenyewe. Tafuta mwanafunzi mwenyeji akusaidie kutafsiri, mlipe, na umtaje kwenye shukrani akiridhia. Kuhusu maktaba, pakua tasnifu na takwimu unazozihitaji ukiwa ndani ya chuo cha China, kwa kuwa tangu Aprili 2023 CNKI, hazina ya mtandaoni ya machapisho ya kitaaluma ya China, imewafungia watumiaji wa nje sehemu kubwa ya tasnifu, makala za mikutano na vitabu vya takwimu. Usiziache kumbukumbu za kale za wilaya, zile zilizoandikwa na maofisa wa enzi za wafalme na kueleza desturi, mazao, mahekalu na madaraja ya kila eneo. Mara nyingi zitakuonyesha kwamba jambo linaloitwa la miaka elfu limetajwa kwa mara ya kwanza juzi tu.

Sisi tuliokulia pwani ya Afrika Mashariki tuna njia ya kuingilia ambayo wengine hawana. Kwenye jumba la makumbusho ya bahari la Quanzhou kuna mawe mengi ya makaburi ya Waislamu wa zamani, na aliyesoma chuo cha Qur'ani utotoni anaweza kusimama mbele yake na kuusoma mwandiko wa Kiarabu bila mkalimani: kila nafsi itaonja mauti, na afaye ugenini amekufa shahidi. Wenyeji wakijua unatoka wapi watakuletea pia habari za Zheng He, amiri wa misafara ya baharini ya China ya karne ya 15, na za twiga wa Malindi aliyepelekwa China. Zipokee kwa adabu, lakini usiziache ziutawale utafiti wako. Utukufu wa bandari ya Quanzhou ulitangulia safari za Zheng He. Alama yake huko ni jiwe la mwaka 1417 kwenye makaburi ya kale ya Waislamu ya Lingshan, linaloeleza kwamba alifukiza ubani hapo akiwa njiani.

Kuna dai jingine utakaloambiwa Xunpu, kwamba makombe makubwa ya chaza yaliyojengewa kuta za nyumba za kale si ya hapo, bali yalirudi na majahazi kama farumi, yaani mzigo wa kukipa chombo uzito, kutoka bahari za mbali, wengine wakisema hadi pwani ya Afrika. Linavutia mno kwa msomaji wa Kiswahili, na ndiyo sababu lishughulikie kwa ukali zaidi. Vigae vya kaure ya Kichina vilivyofukuliwa Gedi na Kilwa vinathibitisha kwamba bidhaa zilifika kwetu. Havithibitishi kwamba makombe yetu yalikwenda kwao. Anayeweza kulijibu swali hilo ni mtaalamu wa viumbe wa baharini aliyelishika kombe lenyewe, wala si mwongozaji wa watalii au mimi.

Yaliyobaki ni ya kiofisi na hayana mjadala. Beba barua ya chuo yenye muhuri mwekundu, kwani bila muhuri hakuna ofisi itakayokufungulia kabati. Dodoso lolote kubwa lipitishe kwa msimamizi wako wa huko mapema, maana tafiti za dodoso zinazofanywa na wageni zina kanuni zake na hutakiwa zipitie taasisi ya ndani yenye kibali. Ukilala kwa mwenyeji badala ya hotelini, jiandikishe polisi ndani ya saa 24. Na tarehe zako zipange kwa kalenda ya mwezi: maandamano ya Xunpu ya Mazu, mungu wa kike wa bahari, huwa siku ya 29 ya mwezi wa kwanza wa kalenda hiyo, wakati vyuo vingine ndiyo kwanza vinafungua, kwa hiyo omba ruhusa ya msimamizi kabla ya likizo ya mwaka mpya haijaanza na utafute chumba mapema, kwa sababu siku hiyo wapiga picha wa nchi nzima nao watakuwa wanakitafuta.