Aviary Attorney: jibu kwa anayeogopa kushindwa kesi

Ndugu uliyeuliza kama Aviary Attorney inamfaa mtu ambaye vidole vyake si vyepesi, na ambaye hukasirika anapolazimishwa kurudia sehemu ileile kwa kosa moja dogo: inakufaa sana, ila kwa sharti moja ambalo mimi mwenyewe nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Kwa ambao hawaujui, mchezo huu ulitolewa na watengenezaji waitwao Sketchy Logic mwishoni mwa 2015 kwa ajili ya kompyuta, kisha toleo la Switch, mashine ya michezo ya Nintendo, likafuata mwaka 2020. Unacheza kama Jayjay Falcon, wakili wa utetezi ambaye ni ndege mwindaji wa jamii ya kipanga, katika jiji la Paris la mwaka 1848, muda mfupi kabla wananchi hawajamwondoa Mfalme Louis-Philippe mwezi Februari. Msaidizi wake ni Sparrowson, shomoro ambaye mdomo wake haujui kupumzika hata mbele ya maiti. Hakuna kukimbia wala kupiga risasi. Unasoma mazungumzo, unatembelea mahali tukio lilipotokea, unakusanya vielelezo, kisha mahakamani unamsikiliza shahidi hadi uinase kauli inayopingana na kielelezo ulicho nacho. Ukikosea, baraza la wazee wa mahakama linapoteza imani nawe, na uamuzi wa hatia ni wa baraza hilo.

Kinachokubana si sekunde, ni siku. Kila kesi ina tarehe yake ya kusikilizwa, na safari zako za uchunguzi zinakula siku zilizobaki. Katika kesi ya pili mimi nilizunguka mjini kama mtalii, nikirudi nilikokwisha kufika kwa ajili tu ya kusikia utani wa Sparrowson, hata nikaingia mahakamani na mkoba uliokaribia kuwa mtupu. Shahidi alisema jambo ambalo nilihisi kabisa kuwa ni uongo, lakini sikuwa na cha kumwonyesha, nikatoa kielelezo cha kwanza kilichokuja mkononi, na uso wa Falcon katika picha ukabaki na utulivu uleule wa mtu aliyesoma sheria. Nilicheka peke yangu saa saba za usiku. Nilisubiri maneno ya kuniambia nianze upya, lakini hayakuja, kwani hadithi iliendelea na kushindwa kwangu kukawa sehemu yake.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo ndilo ninalokuonya nalo. Kwa aibu nilirudi pale nilipokuwa nimehifadhi mchezo, nikachunguza kila kona kwa utaratibu na kushinda. Ushindi ule ulikuwa baridi, kwa sababu majibu nilikuwa nayo tayari. Sharti langu basi ni hili: mara ya kwanza usirudi nyuma, hata mteja wako akihukumiwa. Mchezo una miisho mitatu, na matokeo ya kesi ya tatu ndiyo yanayoamua utaingia katika sura ipi ya mwisho, kwa hiyo anayeshindwa naye ana hadithi yake kamili iliyoandikwa kwa uangalifu.

Kuhusu ucheshi, wengi husifu maneno, lakini mimi naona nusu ya kazi inafanywa na picha. Wahusika wametolewa katika michoro halisi ya J. J. Grandville, mchoraji Mfaransa aliyefariki mwaka 1847, aliyependa kuwavika wanyama makoti na kofia za mabwana wa zama zake ili kuwakejeli. Hakuchora vikaragosi vya kuchekesha watoto. Nyuso zake ni nzito, zina majivuno na huzuni, na ndiyo sababu neno la kipuuzi likitoka katika mdomo kama huo linachekesha maradufu. Muziki nao ni wa Camille Saint-Saëns, ambaye alitunga kazi maarufu kuhusu wanyama mwaka 1886 na hakutaka ichapishwe yote akiwa hai.

Kiingereza chake si kigumu, isipokuwa michezo ya maneno kuhusu manyoya na mabawa, ambayo baadhi ilinipita kabisa. Faraja ni kwamba utani mwingine uko katika Kifaransa cha sauti za wanyama. Mwendesha mashtaka ni jogoo aitwaye Cocorico, na msomaji wa Kiswahili aliyelelewa karibu na banda la kuku hahitaji kamusi hapo. Mshtakiwa wa kwanza, paka, anaitwa Demiaou. Litamke kwa sauti utanielewa.

Kesi ya kwanza ni ya kujifunzia, usiuhukumu mchezo kwa hiyo. Kuanzia ya pili, itazame kalenda kila unapotaka kutoka ofisini, na Sparrowson akisema yuko tayari kwenda mahakamani, usimwamini.