Jibu: Namzidi kete, lakini saa inaniua

Salama mkuu. Kama nimekuelewa, kwenye chesi ya dakika 3 kwa kila mchezaji unamzidi mtu ngome nzima halafu bendera yako inaanguka kwanza, yaani muda wako unaisha kabla ya wake.

Anza kukagua hapa: fungua michezo yako ya karibuni Lichess (tovuti ya kuchezea chesi), kwenye uchambuzi kuna grafu ya muda wa kila hatua. Vijana ninaocheza nao wengi wanachomea muda kwenye ufunguzi, hatua ya sita mtu anawaza farasi atokee upande gani! Shika ufunguzi mmoja kwa weupe. Kwa weusi, ufunguzi wa Caro-Kann dhidi ya e4 (mweupe akianza kwa askari wa mbele ya mfalme) unatosha kabisa, na jibu moja dhidi ya d4 (akianza kwa askari wa mbele ya malkia). Urudie mpaka mkono uende wenyewe.

Halafu achana na 3+0 (dakika 3 bila nyongeza), cheza 3+2 (dakika 3, na sekunde 2 zinaongezwa kila hatua). Ndiyo inayotumika hata ubingwa wa dunia wa blitz (chesi ya kasi) wa FIDE, shirikisho la chesi duniani, na zile sekunde 2 za nyongeza zinakutosha kumaliza mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu, ukiwa umeshaufanyia mazoezi na kompyuta.

Ukifungwa mechi mbili mfululizo, weka simu chini. Ya kulipiza kisasi hailipi. Dakika 1 sichezi, huko watakujibu wengine.