Maswali na Majibu: Kompyuta ya Kuunda kwa Mkono

Safari hii nimechagua maswali kuhusu jambo ninalolipenda tangu ujana: kuunda kompyuta za mtindo wa miaka ya 1970, chipu kwa chipu, waya kwa waya.

Simu yangu ya kawaida ina nguvu kuliko kompyuta hizo zote. Kwa nini mtu ajisumbue? (Mwanza)

Kwa sababu simu huwezi kuijua yote, na hii unaweza. Z80, prosesa (chipu iliyo ubongo wa kompyuta) iliyotoka mwaka 1976, ina transista takriban 8,500 na miguu 40. Miguu 16 ni ya anwani, yaani namba ya mahali kwenye kumbukumbu, minane ya data. Kumbukumbu yote inayoweza kuifikia kwa nyaya hizo ni baiti 65,536, basi. Utafika mahali ambapo hakuna mguu hata mmoja usioujua kazi yake. Anayesomea kompyuta chuoni bila kuwahi kuona anwani ikipanda kwenye waya amekosa kitu kikubwa, na kitu chenyewe ni cha bei nafuu.

Nasikia Z80 haitengenezwi tena. Nianze na 6502, ile prosesa nyingine ya zamani? (Mombasa)

Ndiyo, anza na 6502. Mwaka 2024 Zilog, kampuni yenye Z80, ilitangaza kusitisha Z80 ya miguu 40, na ilipofika Juni ikafunga kupokea oda. 6502, iliyotoka mwaka 1975, bado inauzwa ikiwa mpya kabisa: Western Design Center ya Arizona, Marekani, hutengeneza W65C02S.

Z80 bado zimejaa sokoni, ila angalia. Wapo wanaokwangua chipu nyingine, kuipaka rangi nyeusi na kuiandika jina upya. Sugua mgongo wake kwa pamba yenye asetoni. Pamba ikitoka nyeusi, mrudishie mwenyewe.

Na usichukue mchoro wa moja ukautumia kwa nyingine. Z80 ikiwashwa huanza kusoma anwani 0000, kwa hiyo ROM, kumbukumbu ya kudumu yenye programu ya kuanzia, hukaa chini. 6502 hutafuta pa kuanzia katika anwani FFFC na FFFD (ya juu kabisa ni FFFF, tukihesabu kwa mfumo wa kumi na sita), karibu na kileleni, kwa hiyo ROM yake hukaa juu.

Shikamoo mwalimu. Nimeunganisha Z80, ROM na RAM (kumbukumbu ya muda) kwenye bredibodi, ubao wa kuchomekea vifaa. Umeme unafika lakini mashine imekaa kimya. Nyaya nimezikagua hadi nimechoka. Nifanyeje? (Morogoro)

Marahaba mwanangu. Acha kukagua nyaya. Chomoa ROM na RAM uziweke kando. Tunataka kumsikia prosesa peke yake.

Chukua rezista nane za kilo-ohmu moja, uunganishe kila mguu wa data, D0 hadi D7, na hasi. Sasa kila Z80 inaposoma inapata sifuri tupu, na kwake sifuri ni amri ya kutofanya lolote ila kusogea kwenye anwani inayofuata. Itahesabu anwani kutoka 0000 hadi FFFF, kisha ianze tena.

Kabla ya kuwasha, hakikisha miguu ya WAIT, INT, NMI na BUSRQ imeunganishwa na chanya kupitia rezista za kilo-ohmu 10. Hapo ndipo wengi wanapokwama: mguu ulioachwa hewani unaokota kelele, na prosesa anaamini ameamriwa kusubiri. RESET, mguu wa kuanzisha upya, nao uunganishwe na hasi kwa muda mfupi mwanzoni, kisha uachiwe upande hadi chanya. Weka pia kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu ya umeme.

Kama chipu yako ni ya CMOS, Z84C00, aina inayovumilia mwendo wa polepole, unaweza kuipa mapigo ya polepole kutoka kwa 555, chipu ndogo ya kutoa mapigo, tuseme 400 kwa sekunde. Kila hatua hula mapigo manne, hivyo ni hatua 100 kwa sekunde. Weka LED, taa ndogo, na rezista yake kwenye A7, mmoja wa miguu ya anwani (A0 hadi A15): itabadilika kila baada ya hatua 128, yaani zaidi kidogo ya sekunde moja. Ikionekana hafifu na kupepesa usishtuke. Nusu ya muda Z80 hutumia nyaya hizo kuhuisha kumbukumbu. Hamia A8, A9, ukipanda. Kila moja iwe na mwendo nusu ya iliyotangulia. Mbili zikienda sawasawa, zimegusana. Hesabu ikikamilika hadi A15, prosesa ni mzima. Rudisha ROM, kisha RAM.

Kwa nini michoro mingi hutumia kristali ya 7.3728 MHz? (Muscat)

Kristali ndiyo hutoa mapigo ya mashine, na chipu ya siriali, ya kuzungumza na skrini, hupata kasi yake kwa kuyagawanya. Gawanya 7,372,800 kwa 64. Unapata 115,200 kamili, mojawapo ya kasi za kawaida za mawasiliano ya siriali. Kristali moja inahudumia prosesa na siriali pamoja. Ukiweka ya 8 MHz utapata 125,000, na kwenye skrini herufi zitakuja zimevurugika.

Binti yangu wa miaka 11 anataka kujaribu. Kuna hatari? (Nairobi)

Volti 5 za chaja nzuri ya simu hazitamdhuru, na bredibodi haihitaji kuchomelea. Siku ya kuchomelea ikifika, kaa naye, fungueni madirisha, na anawe mikono kabla ya kula, maana waya wa kuchomelea mara nyingi una madini ya risasi.

Asianze na prosesa. Aanze na 555 ya kuwasha na kuzima LED moja, halafu aongeze 74HC161, chipu ya kuhesabu, na LED nne zihesabu kutoka 0 hadi 15. Vifaa vidogo vidogo mtafute Luthuli Avenue. Prosesa huenda mkalazimika kuagiza nje. Rezista mwache asome rangi zake mwenyewe: kahawia, nyeusi, nyekundu ni ohmu 1,000.