Maswali ya wasomaji: sandali inayouma, soli inayomeguka

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu wanaotembea sana: wapanda milima, waongoza watalii, wanafunzi wa vyuo wanaokwenda ziara za maporomoko. Wote wanalalamikia sandali za safari, zile zenye mikanda ya kitambaa na soli nene ya meno. Tumechagua barua sita.

Shikamooni. Nina sandali za mikanda mitatu, soli yake nene na laini mno. Dukani nilizipenda kwa jinsi zilivyokuwa zikibonyea. Nikitembea saa mbili natokwa na malengelenge nyuma ya kisigino, na nikishuka mlima vidole vinachungulia mbele ya soli. Tatizo ni namba au ni mikanda? (Msomaji, Moshi)

Marahaba. Huenda ni vyote viwili, lakini anza na mikanda kwa sababu kuirekebisha ni bure.

Lengelenge hutokea ngozi iliyolowa na kupata joto inaposuguliwa mahali pale pale. Mguu ukiteleza milimita chache tu kila hatua, kwa saa mbili umekwisha kusuguliwa maelfu ya mara. Wengi wakianza kuumia kisigino hukaza mkanda wa nyuma, na hapo ndipo wanapozidisha jeraha. Mkanda wa nyuma kazi yake ni moja: sandali isibaki chini unapoinua mguu. Anayeushika mguu ni mkanda wa kati, ule unaopita juu ya mgongo wa mguu.

Funga hivi. Simama, usikae, maana mguu hutanuka ukibeba uzito. Legeza mikanda yote, kisha gonga kisigino chini taratibu mpaka kitulie katikati ya bonde lake. Kaza mkanda wa kati kwanza, hadi ukijaribu kuusukuma mguu mbele usiende. Halafu mkanda wa mbele, uachie nafasi ya ncha ya kidole kidogo cha mkono. Wa nyuma uwe wa mwisho, uguse ngozi bila kuikandamiza; kidole kimoja kipite kati yake na kisigino. Kabla ya kuteremka kaza tena wa kati kidogo, na ukianza kupanda ulegeze. Mikanda ya nailoni hunywa maji na kurefuka ikilowa, kwa hiyo ukivuka mto ikague upya. Ya poliesta hairefuki kwa kiasi hicho, nayo hukauka upesi zaidi.

Kama baada ya hayo vidole bado vinachungulia, basi namba ni ndogo. Pima jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za siku. Kanyaga karatasi, chora ukiwa umesimamisha penseli wima, pima hadi kwenye kidole kirefu kuliko vyote (kwa watu wengine ni cha pili, si gumba). Soli ikizidi mchoro kwa milimita 5 hadi 10 mbele, na kidogo nyuma, inakufaa. Ikipungua chini ya 5, vidole vitagonga mawe. Ikizidi sana, mdomo wa soli utanasa kwenye mizizi na kukuangusha. Namba moja ya Ulaya ni kama milimita 6.7 tu, ndiyo maana kukisia kwa macho kunapotosha.

Sasa huo ulaini. Soli inayobonyea kama godoro dukani ndiyo inayolala mapema. Ndani yake kuna povu lililojaa vipovu vidogo vya hewa. Kila hatua huviminya, na povu jepesi huchoka haraka, hasa chini ya kisigino na chini ya mafundo ya vidole. Likishalala, mguu unabaki juu ya ubao. Kabla ya kununua fanya majaribio matatu. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba: unatakiwa kuzama kidogo na kurudi mara moja bila kuacha alama. Kunja sandali: ipinde pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Kisha ishike ncha zote mbili uikamue kama nguo. Ikikamuka yote, kwenye mawe mguu wako ndio utakaokuwa unakamuliwa. Iwe na mwinuko unaogusa tumbo la unyayo. Siku ya kwanza utauona mgeni, baada ya kilomita kumi utaushukuru.

Wiki ya kwanza vaa nyumbani saa moja moja, kisha mwendo wa kilomita 3 hadi 5, ndipo uende mbali. Ukihisi sehemu inaunguza, simama hapo hapo, futa mchanga na ubandike plasta. Usingoje lengelenge litokee.

Nilinunua sandali za mtumba, za kampuni ya nje, zikionekana mpya kabisa, hata meno ya soli hayajalika. Siku ya kwanza tu kuvaa soli ilimeguka vipande vipande kama keki kavu. Je, ni bandia? (Msomaji, Dar es Salaam)

Yawezekana kabisa ni halisi. Kinachozimaliza ni umri na unyevu, si uvaaji.

Soli za kati, yaani tabaka lililo kati ya soli ya juu unayokanyaga na ya chini yenye meno, hutengenezwa kwa povu la aina mbili kuu. Moja ni EVA: jepesi, laini, hulala mapema lakini halimeguki hivyo. Jingine ni poliurethani: zito kidogo, hutunza umbo miaka mingi, na ndilo linalotiwa kwenye sandali nyingi za bei kubwa. Udhaifu wake ni maji. Mvuke wa hewani huingia na kukata viungo vya kemikali vinavyolishikilia povu, polepole, hata kama sandali imekaa kabatini bila kuvaliwa. Baada ya miaka kadhaa kwa nje linang'aa na ndani limekuwa unga. Ukilitia uzito, linamwagika. Joto na unyevu huharakisha, na pwani tunavyo vyote viwili.

Sokoni, kunja kila sandali kwa nguvu mara tano. Chunguza ubavu wa soli ya kati: mipasuko myembamba kama nywele ni onyo. Bonyeza kwa ukucha. Kikitoka kipande au pakinata kama gundi mbichi, rudisha mezani hata kama bei ni ya kutupa. Hakuna fundi anayeweza kulirudisha povu lililooza. Kinachowezekana ni kulikwangua lote na kubandika soli mpya ya kati, kazi inayolipa tu kama mikanda ni mizima kweli.

Zako mpya usizifungie kwenye mfuko wa nailoni. Ziweke kwenye rafu yenye hewa, zikiwa kavu.

Mkanda wa upande umechomoka kwenye soli. Fundi alitia supaglu, ukatoka baada ya wiki. Akarudia, ukatoka tena na safari hii umebeba kipande cha soli. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Supaglu ikikauka inakuwa ngumu kama kioo. Soli inapinda kila hatua, gundi haipindi, kwa hiyo inapasuka, na pale ilipokamata vizuri inang'oa povu. Kinachotakiwa ni gundi ya viatu, ile ya rangi ya asali inayobaki na mvuto hata ikikauka.

Lakini kwanza tazama mkanda uliingiaje. Katika sandali nzuri mkanda hupita chini ya mguu, kati ya soli ya kati na ya chini, ukatokea upande wa pili. Hata gundi ikiachia bado umenaswa. Katika zile dhaifu ncha ya mkanda imechomekwa sentimita moja tu kwenye mpasuo na kupakwa gundi. Yako yaelekea ni hii ya pili. Mwambie fundi apasue soli ya chini taratibu eneo hilo, arefushe mkanda kwa kipande kipya cha upana ule ule kilichoshonewa, na kiingie angalau sentimita 3 hadi 4.

Kazi yenyewe iende hivi. Kwangua gundi yote ya zamani, hasa ile supaglu, hadi uone povu na mpira safi. Sugua pande zote mbili kwa msasa namba 80 mpaka pawe na kwaruzo. Futa kwa spiriti, acha pakauke. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, usimwage. Sasa subiri, na hapa ndipo haraka inapoharibu kazi: dakika 10 hadi 15, mpaka ukigusa kwa kidole isishike. Gundi iliyofunikwa ikiwa mbichi hufungia kimiminika ndani na haikamati. Ikishafikia hapo ipashe kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, bandika mara moja bila kusogezasogeza, gonga kwa nyundo ya mpira, funga kwa kamba na uache saa 24.

Halafu ishonwe. Fundi achonge mfereji wa milimita 2 kuzunguka soli ya chini, atoboe kwa msharasi, na uzi wa nailoni ulale ndani ya mfereji. Uzi ukiachwa juu juu utalika na lami ndani ya mwezi mmoja.

Tunakwenda Ziwa Natron, na siku moja tutapita ndani ya korongo la mto Engare Sero hadi kwenye maporomoko. Wenyeji wanavaa katambuga, zile sandali za tairi. Je, nami nizivae, au ninunue za dukani? (Msomaji, Arusha)

Kila moja ina mahali pake pale pale Natron.

Kwenye uwanda wenye migunga, katambuga inashinda. Mwiba mrefu wa mgunga hupenya soli ya povu, kwa sababu mpira mgumu ulioko chini yake ni wa milimita chache tu. Tairi lenye nyuzi zilizosukwa humpinga mwiba vizuri zaidi. Ukinunua, chagua iliyokatwa kwenye tairi la nyuzi za nailoni. Ya nyuzi za chuma, mpira ukilika, waya hutokeza na kuchoma unyayo. Pitisha kiganja ndani upapase misumari. Na ujue haina mwinuko wa tumbo la unyayo wala haimezi mshindo, kwa hiyo mguu usioizoea utauma siku ya kwanza.

Ndani ya mto mambo yanageuka. Mawe ni ya duara na yana utelezi, na tairi lililolika halina meno. Huko vaa sandali yenye meno ya milimita 3 au 4 yaliyoachana, na mkanda wa nyuma uliofungwa. Mkanda huo ndio asili ya sandali hizi: mwaka 1984 Mark Thatcher, mwongoza mitumbwi katika Grand Canyon huko Marekani, alifunga mkanda wa kisigino kwenye ndala ili zisichukuliwe na maji, na kazi hiyo ikazaa kampuni ya Teva. Ndala za kawaida ziacheni kambini.

Mkirudi, kagueni soli. Mwiba uliokatikia ndani huendelea kupanda kila hatua. Mng'oe kwa koleo usiku huo huo. Na kama mmekanyaga kando ya ziwa, suuzeni kwa maji baridi kabla ya kulala, kwa kuwa magadi yakikauka hukakamaza mikanda na kuchubua ngozi.

Velkro haishiki tena, na harufu inatoka hata nikiziacha nje. (Msomaji, Mombasa)

Angalia ule upande mgumu wa velkro karibu na jicho. Utaona vindoano vidogo, na katikati yake nywele, nyuzi za soksi na mchanga vimejisokota kama kamba. Vikwangue kwa sindano, mstari baada ya mstari, kisha mswaki mkavu. Vindoano vikiwa vizima, velkro itashika kama zamani. Vikiwa vimekatika au kunyooka, mpelekee fundi cherehani abadilishe vipande vyote viwili, kila kimoja sentimita 5 au zaidi, ashone kuzunguka kingo na msalaba katikati. Siku zote funga velkro kabla ya kuosha.

Harufu ni ya bakteria wanaokula jasho na ngozi iliyokwama kwenye soli ya juu. Loweka nusu saa katika siki nyeupe sehemu moja na maji sehemu mbili, sugua kwa sabuni ya mche na brashi, suuza, anika kivulini penye upepo. Msitumie jiki, inadhoofisha nyuzi. Wala msizianike juu ya bati au kuziacha ndani ya gari lililofungwa juani: povu la EVA husinyaa kwa joto, na sandali iliyosinyaa hairudi namba yake.

Mama yangu ana kisukari, miguu yake imepoteza hisia kidogo. Anapenda sandali hizi kwa kuwa hazimbani. Ni salama? (Msomaji, Dodoma)

Za wazi, hapana, dada. Asiyehisi vizuri anaweza kutembea siku nzima na kijiwe chini ya mkanda bila kujua, na kidonda hicho huchelewa kupona. Mpeleke kliniki wampime miguu kwanza. Wakiruhusu kiatu cha mikanda, kiwe kile kilichofunika vidole, chenye kitambaa laini ndani ya kila mkanda na velkro za kutosha kulegeza mguu ukivimba. Kabla hajavaa, ukung'ute na upapase ndani kwa mkono wako, na jioni mtazame nyayo zote mbili hadi katikati ya vidole, ukitumia tochi.